Naomba ushauri: idhini ya dawa za siku 90 kwa mgonjwa wa sukari

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yuko Kisauni, ana sukari na presha. Bima yake ya matibabu bila kulazwa ina kikomo cha Sh 60,000 kwa mwaka, kuanzia Januari, na kila akichukua dawa anatoa Sh 500 mfukoni. Dawa za mwezi zilikuwa Sh 7,200, kwa hiyo Septemba tu kikomo kimekwisha.

Daktari alikubali kuandika jina la dawa yenyewe badala ya la kampuni: amlodipine na losartan za presha, metformin ya sukari. Zikashuka hadi Sh 5,400, sasa twafika Novemba. Insulini ya glargine, ya sindano ya sukari, ndiyo haikushuka, na hiyo hairukwi hata siku moja.

Twataka za siku 90 ili Sh 500 ilipwe mara 4 badala ya 12. Duka la dawa linasema bima huruhusu siku 30 tu bila idhini. Tena kalamu za insulini (sindano zake zilizojazwa dawa) ambazo hazijafunguliwa zataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, na kwetu umeme ukikatika joto halingoji.

Waliopata idhini, barua ya daktari ilitaja nini hasa? Na je, idhini moja yaweza kubeba zote, insulini ikachukuliwa kila mwezi bila kutoa Sh 500 upya?