Halmashauri ziruhusu nyumba za udongo kwenye viwanja vilivyopimwa, au ni saruji tu?

tofali_bichi (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Nina kiwanja mkoa wa Pwani, kimepimwa, hati ninayo. Nataka vyumba viwili na sebule, nijenge kwa udongo. Si mbavu za mbwa, zile za fito na udongo wa kukandika, tuelewane mapema. Nasema yale matofali ya kufungamana ambayo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, wanayafundisha miaka nenda rudi: udongo wa hapo hapo, saruji kidogo, unashindilia kwa mashine ya mkono, unamwagilia wiki nzima chini ya turubai, huchomi hata kijiti. Msingi wa mawe. Paa litoke nje ya ukuta kuliko kawaida, mvua isiguse. Kibaraza kipana. Jikoni mtungi mdogo wa gesi kwa chai na mboga, na nje kibanda cha jiko la kuni kwa vitu vya kuchemka muda mrefu, maharage na makande.

Nimepeleka mchoro, afisa akaniambia hati inataka "majengo ya kudumu" na udongo si wa kudumu. Nikamuuliza wa kudumu mpaka lini, akaniangalia tu. Sasa naomba hoja: kwa nini mtu azuiwe kujenga kwa kitu anachokikanyaga bure? Matusi wekeni pembeni.

Kweli_Chungu
Umaskini siku hizi ukivaa miwani unaitwa mazingira.

Mjukuu wa Tembe
Mimi nimezaliwa ndani ya tembe, Dodoma vijijini, kwa hiyo nisikilizwe. Nimeugua homa ya papasi mara mbili kabla sijajua kusoma. Kama humjui papasi, ni mdudu anayekaa kwenye nyufa za ukuta na sakafu ya udongo, usiku anatoka kunyonya damu, asubuhi humwoni. Paa la tembe nalo ni udongo juu ya fito. Mvua ikipiga siku mbili mfululizo mama halali, anasikiliza paa linavyolia. Kaka yangu alipopaua bati la kwanza pale kwetu watu walikuja kama harusini. Leo mtu mwenye gari anatuambia turudi tulikotoka.

tofali_bichi
Gari sina, mkuu. Napanda daladala kama wewe.

Mjukuu wa Tembe
Sikukutaja jina. Mbona umeshtuka?

tofali_bichi
Sijashtuka, nimeeleza. Na mimi sikutaja tembe popote. Soma bandiko.

Mhasibu Mstaafu
Vijana, jambo hili si geni. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba saruji na bati vimetupoozesha akili. Saruji akaiita udongo Ulaya. Kwamba mtu yuko radhi akae kwenye kibanda kibovu akisubiri bati, kuliko kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae kesho yake. Nilikuwa kijana wa ofisini wakati huo, tulicheka sana. Nikastaafu nikiwa na nyumba isiyo na ripu.

Kweli_Chungu
Kwani yeye Msasani alikaa kwenye tofali za kuchoma?

Mhasibu Mstaafu
Jibu hoja, mwache marehemu apumzike.

Nyanda_za_Juu
Tofali za kuchoma msizisifie, wazee wangu. Njooni Iringa na Njombe mtazame matanuri yanavyomeza magogo. Afadhali hizo za mleta mada zisizochomwa.

Kuna_Jamaa
Kuna jamaa wa Ghana aliyejenga shule ya udongo, akaja kupata tuzo kubwa ya usanifu duniani. Huyo afisa naona hakufika Ghana.

ramani_tu
Burkina Faso, si Ghana. Francis Kéré, tuzo ya Pritzker 2022, shule ya kijijini kwao Gando. Na ule udongo umetiwa saruji na kushindiliwa, dari lake liko chini, bati limeinuliwa juu ili joto lipite katikati litoke. Siyo udongo wa bibi yako.

Kuna_Jamaa
Bibi yangu anaingiaje hapa? Jirekebishe.

ramani_tu
Ni msemo tu, kaka.

Kuna_Jamaa
Msemee wako.

Fundi wa Mbagala
Nimezijenga hizi za kufungamana nyumba tatu, niseme ninachokijua halafu niondoke, maana hapa mnagombana. Ya kwanza, si kila udongo unafaa. Ukiwa ufinyanzi mtupu tofali linapasuka likikauka. Chukua chupa angavu, tia udongo nusu, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Mchanga unatulia chini, ufinyanzi juu, unaona kwa macho kipi kingi. Ya pili, kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa wa matofali. Hizi hazina mota ya katikati ya kusahihishia makosa. Ukikosea milimita chache chini, ukifika kwenye linta nyumba inakuchungulia. Ndiyo maana mafundi wengi hawazitaki, wanasema ghali, kumbe ni uvivu wa pima maji. Ya tatu, mfuko mmoja wa saruji sisi tulitoa matofali kama 70. Wale wa barabarani na bloku zao za inchi sita wanavuta mfuko mmoja mpaka 45, ukiangusha moja linarudi kuwa mchanga, na hilo ndilo afisa analiita la kudumu.

Dalali Mwaminifu
Hakuna aliyegusa suala la benki. Siku ukitaka mkopo kwa hati hiyo mthamini akaja akaandika "udongo", thamani imekufa hapo hapo. Hata ukitaka kuuza, mnunuzi anahesabu kiwanja tu. Hiyo ndiyo kesi yenyewe, siyo papasi wala Ghana.

mamaPili
Nyumba sina neno nayo. Nimesoma vizuri mpaka "nje kibanda cha jiko la kuni" nikacheka peke yangu. Nani atakaa kwenye hicho kibanda? Maana kibaraza kipana tumeshajua cha nani. Mimi nimepuliza kuni miaka 14, nakijua kifua changu. Kila mwanaume anayetaka kurudi kwenye asili, asili yake inapikwa na mtu mwingine. Na serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 tuwe kwenye nishati safi, bwana huyu ndiyo kwanza anapanga mafiga.

tofali_bichi
Dada yangu umenionea. Mke wangu anafanya kazi za zamu. Mimi ndiye ninayepika nyumbani kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi.

mamaPili
Na Ijumaa?

tofali_bichi
Ijumaa tunakula viporo.

Kweli_Chungu
Kumbe mada ilikuwa ndoa.

mamaPili
Nikufundishe bure basi. Maharage loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, jiko la presha la umeme, yanaiva unaoga na kuvaa. Makande vivyo hivyo, muda tu unaongeza. Nazi na chumvi unatia mwishoni. Kuni za nini?

Mpare_Halisi
Makande kwenye presha? Na nazi? Nimeweka simu chini nikaichukua tena. Makande ni chungu, moto wa taratibu tangu asubuhi, mahindi na maharage vikubaliane vyenyewe. Mwisho kitunguu, na maziwa kama yapo. Hizo zenu ni mahindi yaliyolazimishwa.

mamaPili
Kwetu Tanga tunatia nazi tangu babu wa babu. Mbona hatujafa?

Mpare_Halisi
Hamjafa, mmeharibu chakula tu.

Nairobi Mashariki
Jirani zenu tunauliza: hayo mahindi mwayakoboa ama mwayapika na maganda? Kwetu Wakamba huyakoboa, yanaitwa muthokoi. Yenye maganda ndiyo githeri ya Wakikuyu, na huliwa na mtu mwenye meno yake yote.

Mpare_Halisi
Ya kukoboa ndiyo yenyewe. Mkenya huyu ana adabu, mumsikilize.

Kijana wa Sinza
Tia magadi kidogo, mbona mnateseka. Vinalainika upesi, gesi unaokoa.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Magadi yanaharibu vitamini B1, mnatuletea kazi wodini.

Kijana wa Sinza
Bibi yangu ametia magadi maisha yake yote na ana miaka 91.

Kuna_Jamaa
Bibi tena. Huu uzi una nini na mabibi?

Nyanda_za_Juu
Njia ya katikati ipo, nashangaa watu wa mazingira hamuitaji. Chemsha maharage yaliyolowekwa dakika 20 moto mkali, usipunguze hapo hasa yakiwa yale mekundu, maana yana sumu inayotaka kuchemka kwelikweli. Kisha sufuria na mfuniko wake unaiingiza kwenye kapu lenye blanketi kuukuu, unafunika, unaenda shamba. Mchana unakuta yamejimalizia yenyewe. Hakuna moshi, hakuna umeme, na mamaPili hapulizi kitu.

mamaPili
Hilo la kapu nalikubali. La kwanza la maana tangu asubuhi.

Mpare_Halisi
Kapu lina moto wa taratibu. Ndicho nilichokuwa nasema.

mamaPili
Hukusema kapu. Ulisema chungu.

Dalali Mwaminifu
Naona suala la benki limepita kama gari la msiba.

Kweli_Chungu
Dalali, nani akukope wewe?

Mjukuu wa Tembe
Nimerudi. Nilikasirika jana, na yale ya papasi sifuti hata neno. Ila kuna kitu nilikiacha. Ile nyumba ya bati tuliyomjengea mama, haina dari, hela iliishia kwenye paa. Kuanzia saa tano asubuhi humo ndani hakukaliki. Mama anabeba kigoda chake anaenda kukaa kwenye jiko la zamani, kipande cha tembe kilichobaki, anachambulia mlenda humo mpaka jua lishuke. Nimewahi kumwambia tulibomoe. Akasema nibomoe kwanza hilo bati.

Sijui hii ni hoja ya upande gani. Nimeiweka tu.

ramani_tu
Ni ya upande wa dari, mkuu. Mtafutie dari na matundu ya hewa chini ya paa kabla hujamlaumu bati.

Mjukuu wa Tembe
Dari utanunua wewe?

Mhasibu Mstaafu
Huyo mama angemfaa Mwalimu.

Fundi wa Mbagala
Mleta mada, afisa mwambie hivi: asiulize udongo, aulize nguvu ya tofali. Peleka matofali yako maabara yabanwe, uje na karatasi yenye namba. Mtu wa ofisini hubishani naye kwa maneno, unambishia kwa karatasi yenye mhuri. Nyumba yangu ya pili ilipita hivyo. Ya kwanza mwenyewe alikata tamaa akapiga ripu nje yote ionekane bloku, wakapitisha bila kuuliza. Hela aliyookoa kwenye tofali yote ikaishia kwenye ripu.

tofali_bichi
Fundi nashukuru, hili nitalifanyia kazi. Nimefanya lile jaribio la chupa tangu jana usiku. Mchanga umekaa chini vidole vinne, katikati kama nusu kidole cha vumbi laini, ufinyanzi juu kidole kimoja kamili. Maji bado yana wingu kidogo. Nisome vipi hapo?

Fundi wa Mbagala
Udongo wako mzuri, usiuze. Acha maji yatulie kabisa ndiyo upime tena. Halafu ukachimbe chini zaidi, ule wa juu wenye mizizi usiuguse.

mamaPili
Na maharage umeloweka?

tofali_bichi
Chupa ya udongo na bakuli la maharage viko meza moja. Mke wangu amerudi zamu ameuliza kipi ni cha kula.