Telomerasi haba, saratani mapema: diskeratosi konjenita inatuchanganya

TabibuMalindi

Assalaam alaykum wataalamu. Kuna mvulana wa miaka 13 hapa Malindi. Kucha za mikono zina mifereji ya urefu, na mbili zimekwisha kabisa, imebaki ngozi. Shingoni na kifuani ana madoa yaliyoshikana mithili ya wavu. Yametibiwa kama choa kwa dawa za kupaka, hakuna nafuu. Ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, pana utando mweupe. Himoglobini 9.1, chembe sahani (za kugandisha damu) 62,000, chembe nyekundu ni kubwa kuliko kawaida (MCV 106). VVU hana. Mjomba wake, ndugu wa mama tumbo moja, alifariki kijana kwa kile walichokiita kuishiwa damu.

Nashuku diskeratosi konjenita, ugonjwa wa kurithi. Kinachonitatiza ni hiki: tumefunzwa kwamba saratani nyingi huiamsha telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, ili seli zake zisife. Katika ugonjwa huu telomerasi ni haba. Basi iweje wagonjwa hawa ndio wapate saratani ya ulimi wakiwa bado vijana? Tena jamaa zake wameshauziwa vidonge vya dondoo za mizizi vya "kuamsha telomerasi". Apewe au asipewe? Na nianze na kipimo gani?

SeliNaJeni

Wa alaykumu salaam, daktari. Kucha, rangi ya ngozi na utando mdomoni ndizo dalili tatu za ugonjwa wenyewe. Ukiongeza mjomba wa upande wa mama, jeni ya kutiliwa shaka kwanza ni DKC1, iliyo kwenye kromosomu X. Ilitambuliwa 1998, na mwaka uliofuata ikabainika kwamba protini yake, diskerini, huishikilia RNA ya telomerasi isiharibike. Ikikosekana huko, tazama jeni za TERC, TERT, TINF2 na RTEL1.

Sasa fumbo lako. Ncha za kromosomu, yaani telomea, zina herufi za DNA TTAGGG zinazojirudia maelfu ya mara, na seli ikigawanyika sehemu ya ncha hupotea. Seli nyingi za mwili mzima hazina telomerasi ya maana wala haziisumbukii. Zinazoihitaji ni zile zisizopumzika: seli shina za uboho, za ngozi na za utando wa mdomo, pamoja na limfosaiti zinapoongezeka kupambana na maradhi. Telomerasi ikipungua hata nusu tu, hizo ndizo zinazoumia kwanza.

Ncha ikifupika kupita kiasi, seli huiona kama DNA iliyokatika, na p53, protini mlinzi wa seli, huizuia isigawanyike au huiua. Hadi hapo telomea fupi ni kizuizi cha saratani. Lakini hatua hiyohiyo ndiyo inayoumaliza uboho. Nafasi ikibaki tupu, seli yoyote iliyopata njia ya kukwepa amri ya kufa, kwa mfano iliyopoteza p53 au kromosomu 7 moja, hukuta uwanja mzima ni wake. Huanza kama uboho ulioharibika ukuaji, kisha ikawa lukemia. Na seli inayoendelea kugawanyika bila kinga ya ncha, kromosomu zake hushikana, huvutwa pande mbili, hukatika na kuunganika ovyo. Humo mwenye kunusurika ni yule aliyefaulu kuiwasha tena TERT, jeni ya telomerasi yenyewe. Kwa hiyo hakuna mgongano: uhaba wa telomerasi ndio unaoanzisha uharibifu, na telomerasi iliyorudi ndani ya uvimbe ndiyo inayoupa uhai mrefu.

Vidonge, usimpe. Kama ni DKC1, kasoro imo ndani ya mtambo wenyewe wa telomerasi, na hakuna jaribio la kitabibu lililoonyesha kwamba dondoo za mizizi zinatibu ugonjwa huu. Halafu kumbuka upande wa pili: familia zenye kasoro ya jeni ya POT1 huzaliwa na telomea ndefu mno, nao hupata melanoma, uvimbe wa ubongo na saratani za damu kuliko watu wengine. Kurefusha telomea kiholela si jambo la kheri. Mwenye utando wa shaka ulimini hafai kabisa kujaribiwa.

KingaNaDamu

Nakubaliana na SeliNaJeni kuhusu uboho, ila kwa ulimi naongeza jambo, kwa sababu linabadilisha ufuatiliaji. Utafiti wa Johns Hopkins uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba saratani za seli bapa (kama ya ulimi) kwa wagonjwa hawa zinafungamana zaidi na uhaba wa seli T, askari wa kinga ya mwili, kuliko na kromosomu kuvurugika. Seli T nazo zinahitaji telomea ndefu ili ziongezeke. Zikiisha, mlinzi hayupo. Kwa hivyo hesabu ya limfosaiti na ya CD4 (aina ya seli T) yake iandikwe tangu leo, hata kama hana VVU. Apate pia chanjo ya HPV, virusi viwezavyo kuleta saratani. Chanjo ya serikali, iliyoanza 2019, imepangiwa wasichana, kwa hivyo mvulana huyu itabidi atafutiwe. Chanjo zenye virusi hai zisubiri mpaka kinga yake ijulikane.

MaabaraPwani

Kuhusu vipimo. Kinachothibitisha telomea fupi ni flo-FISH ya limfosaiti (kipimo cha urefu wa telomea ndani ya seli), na jibu lisomwe kulingana na umri: zikiwa fupi kuliko za asilimia 99 ya wenzake ndipo ugonjwa unapokuwa na uzito. Msikubali urefu uliopimwa kwa PCR. Kwa mtu mmoja mmoja hupotoka mno. Wala msitosheke na granulosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe) peke yake, kwani hufupika katika maradhi mengine ya uboho pia.

Tatizo ni safari. Flo-FISH inataka seli nzima, damu isigandishwe, ifike ikiwa bado mbichi, na maabara zinazojulikana kwa kipimo hiki ziko mbali, kama Vancouver na Baltimore. Kutoka Malindi, au Lamu ambako kwanza unavuka kwenda Manda kupanda ndege, siku mbili zinakatika kabla hujafika popote. Kwa maoni yangu anza na jeni. DNA inavumilia safari: damu kwenye chupa ya EDTA, ikae friji nyuzi 4. Agiza jopo zima la jeni za telomea, si DKC1 peke yake. Na jopo likirudi safi huku dalili ziko wazi, usifunge faili, kwa sababu seli za damu wakati mwingine hujirekebisha zenyewe na kuficha kasoro. Rudia kwa seli za ngozi.

Kipimo kimoja kisisahaulike: kuvunjika kwa kromosomu kwa kemikali ya DEB au mitomaisini C, ili kuhakikisha si anemia ya Fanconi, ugonjwa mwingine wa kurithi. Nayo huleta uboho mkavu na saratani ya mdomo kwa vijana, na watu huichanganya na hii.

MenoLamu

Huo utando, daktari, umeusugua kwa shashi kavu? Ukitoka na kuacha wekundu, ni ukungu wa kandida. Usipotoka, ni lukoplakia, utando unaoweza kugeuka saratani, na ubavuni mwa ulimi ndipo pabaya zaidi. Mwambie atoe ulimi, ushike ncha kwa shashi, uuvute upande wa kulia na wa kushoto, kisha uguse kwa kidole: unatafuta ugumu chini ya utando kuliko weupe wenyewe. Piga picha pamoja na rula, ili mwezi ujao uwe na cha kulinganisha. Ugumu, wekundu uliochanganyika na weupe, au kidonda kisichopona kwa wiki 2, kinakatwa kipande kupimwa. Kwa chembe sahani 62,000 inawezekana. Chini ya 50,000 aongezewe kwanza. Hesabu iwe ya siku hiyohiyo, si ya wiki iliyopita.

Baada ya hapo, meno na mdomo kila miezi 6, na mtaalamu wa koo mara moja kwa mwaka.

Huku kwetu watu wanadhani ubaya wa tambuu ni tumbaku. Popoo peke yake inatosha kuleta saratani ya mdomo. Kwa hiyo mvulana huyu asiguse uraibu wowote, harusini wala barazani, wala kuberi, wala sigara. Jua nalo: kofia ya vito haifuniki masikio wala shingo. Atafute yenye ukingo mpana.

TabibuMalindi

Nimesugua, hautoki, na kwa kidole ni laini. Mungu awalipe. Je, danazoli (dawa ya jamii ya homoni za kiume) ianze sasa? Na ana dada wa miaka 9.

KingaNaDamu

Bado. Wengi husubiri himoglobini ishuke chini ya 8 au chembe sahani chini ya 30,000, na zibaki hapo. Danazoli ilipata sifa 2016: wagonjwa 27 walipewa miligramu 800 kwa siku kwa miaka 2, damu ikapanda na telomea za wengi hazikuendelea kufupika. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba inapunguza saratani, na ini lazima lifuatiliwe kwa vimeng'enya na ultrasaundi. Kwa mvulana anayekua, dawa za jamii hiyo zinaweza kuifunga mifupa mapema akabaki mfupi. Wala isichanganywe na G-CSF, dawa ya kuongeza chembe nyeupe. Imewahi kuripotiwa bandama kupasuka.

Damu yenyewe: jamaa wakija kuchangia, watoe, ila yao isiende kwake. Akija kupandikizwa uboho, mwili uliokwisha kuzizoea protini za ndugu unaweza kuukataa. Aongezewe iliyochujwa chembe nyeupe na kupigwa mionzi. Upandikizaji nao uwe wa dawa hafifu, bila busalfani (dawa kali ya kuua uboho) wala mionzi ya mwili mzima, maana mapafu na ini vya wagonjwa hawa havihimili. Kwa sababu hiyohiyo, saratani ya ulimi ikipatikana mapema, kisu kinatangulizwa mbele ya mionzi.

SeliNaJeni

Dada apimwe jeni kabla ya kupimwa kama anafaa kumtolea kaka yake uboho. Ikiwa ni DKC1, huenda ni mbebaji tu asiyeumwa sana. Ikiwa ni TERT au TERC, anaweza kuwa mgonjwa ambaye damu yake bado haijaonyesha. Kama amepakwa hina, usihukumu kucha kwa rangi. Tazama sehemu mpya inayoota karibu na ngozi, kama milimita 3 kwa mwezi, uone kama ina mifereji, na kagua vidole vya miguu pia.