Mlango wa mchujo: gumzo la familia, Kigoma na Tabora

Mwanafunzi (Tabora): Shikamooni wote. Babu, Mjomba, Mama Mdogo na Shangazi, naomba msaada wenu. Ijumaa tuna mdahalo shuleni, na hoja tuliyopewa inasema kwamba mechi za mchujo kati ya timu za Ligi Kuu na timu za Ligi ya Championship, ile iliyo daraja moja chini yake, zifutwe, zipande timu mbili za juu peke yake. Nimepangwa upande wa kuunga mkono. Mfano niliofikiria kuutumia ni Mashujaa ya Kigoma katika msimu wa 2022/23, kwamba ilipanda bila kuwa miongoni mwa timu mbili bora. Nimeona si vyema niandike habari za Kigoma bila kuwauliza wenye Kigoma.

Babu (Kigoma): Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya la heshima. Subiri nivae miwani.

Mjomba (Ujiji): Marahaba, mjomba. Kwanza tuweke mambo yalivyokuwa, kwa sababu mdahalo unaoanza na habari ya nusu huishia pabaya. Msimu ule bingwa alikuwa JKT Tanzania, na nafasi ya pili ilichukuliwa na Kitayosce, ambayo ndiyo iliyokuja kuitwa Tabora United. Hizo mbili zikapanda moja kwa moja. Pamba ya Mwanza na Mashujaa yetu ndizo zilizoshika nafasi mbili zilizofuata, zikapambanishwa zenyewe kwa zenyewe, na Mashujaa ikapita. Hata hapo haikuwa imepanda. Ilibidi ikutane na Mbeya City, timu iliyokuwa Ligi Kuu tangu 2013, yenye wachezaji waliozoea viwanja vikubwa, na ambayo ilikuwa imetoka kushindwa na KMC katika mchujo wa kwanza, ule wa timu za Ligi Kuu zenyewe. Mashujaa ilishinda hapa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, kisha ikasafiri hadi Mbeya ikashinda tena uwanja wa Sokoine, nyumbani kwa watu. Sasa niambie, mtu aliyefanya hayo yote Juni 2023 amepewa zawadi gani ambayo hakuitolea jasho?

Shangazi (Isevya, Tabora): Shemeji, habari za huko? Shikamoo, Baba. Mimi ndiye niliyemwambia kijana kwamba hoja yake ina mashiko, kwa hiyo nisimwache peke yake. Ligi ya timu 16 ikiwa kamili, kila timu inacheza mechi 30, nusu nyumbani na nusu ugenini. Mtu anayevuna pointi kidogokidogo kuanzia mzunguko wa kwanza mpaka lala salama, akienda Tanga, akienda Arusha, akienda Mbeya, ndiye aliyepimwa. Sisi Tabora tulimaliza wa pili, tukapanda bila kumsubiri mtu. Mnakumbuka nilivyosema mwaka ule kwamba sisi tumepita mlangoni na ninyi mmepita dirishani.

Mjomba (Ujiji): Nakumbuka, shemeji, na neno hilo liliniuma. Kwenye hizo mechi mbili za Mbeya City mimi ile ya hapa niliitazama nikiwa nimesimama tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nafasi ya kukaa ilikuwa imekwisha mapema. Mbele yangu alisimama mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi aliyekuja moja kwa moja kutoka ziwani. Suruali ilikuwa bado imelowa hadi magotini, na magamba ya mgebuka yalikuwa yamekauka kwenye mikono yake. Kila mpira ulipoingia eneo letu la hatari alikuwa akifumba macho na kuniuliza mimi, "Umetoka?" Mtu kama huyo huwezi kumwambia kwamba alichokuja kukitazama ni dirisha.

Babu (Kigoma): Nimekaa sawa sasa. Mjukuu wangu, ninyi mnazungumzia mfumo wa leo kama kwamba umeshuka kutoka mbinguni. Zamani kidogo tu Ligi Daraja la Kwanza, ambayo ndiyo Championship ya leo, ilichezwa kwa makundi matatu, na kutoka kila kundi ilipanda timu moja. Mwaka 2013 walipanda kwa mtindo huo Mbeya City, Ashanti United, na Rhino Rangers ya hapo hapo kwenu Tabora. Msimu uliofuata Mbeya City ilimaliza ya tatu Ligi Kuu, na Rhino Rangers ikashuka. Wote walikuwa wa kwanza katika makundi yao, wote wamepita huo mlango anaousifu Shangazi yako. Kuongoza kundi hakukuwa ushahidi kwamba timu imeiva.

Babu (Kigoma): Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni la msimu wa 2015/16, na hili uliandike kwenye karatasi yako hata kama linaumiza upande wako, kwa sababu limetugusa sisi wa mikoa hii miwili. Katika kundi moja Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinafukuzana kwa karibu mno, nafasi ya kupanda ikiwa moja tu, na ikajulikana kwamba huenda tofauti ya mabao ndiyo itakayoamua. Siku ya mwisho Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa ya mkoa wetu wa Kigoma mabao 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro ya Arusha mabao 7-0. Mechi ya watu wazima, mjukuu wangu, siku moja, saa ileile. TFF, shirikisho la soka la nchi, ikachunguza, ikaziadhibu timu zote nne kwa kuzishusha daraja kwa upangaji wa matokeo, na iliyopanda ikawa Mbao ya Mwanza ambayo haikuwa hata katika mbio za siku ile.

Mwanafunzi (Tabora): Babu, hilo sikuwahi kulisikia. Lakini linahusiana vipi na mchujo?

Babu (Kigoma): Linahusiana hivi. Mlango ukiwa mmoja, na watu wawili wako kizingitini, wengine wote nyuma yao hawana la kupoteza wala la kupata. Timu iliyo katikati ya msimamo siku ya mwisho imeshakwenda likizo kichwani, na timu ya namna hiyo ndiyo rahisi kushawishiwa. Ukiweka mchujo, wa tatu ana sababu ya kukimbia, wa nne ana sababu, wa tano na wa sita wana sababu mpaka wiki za mwisho. Ukifuta mchujo umewapa likizo hao wote. Sisemi kwamba mchujo umeondoa uovu, maana mtu mwovu hakosi njia, ila umepunguza idadi ya timu zisizo na hamu.

Mama Mdogo (Kigoma): Baba, haya yameandikwa kwenye daftari lako la kijani, si ndiyo? Ninalo hapa kabatini. Ukurasa wa 2016 umepigia mstari mara mbili chini ya "8-0", na pembeni umeandika "aibu" kwa wino mwekundu.

Babu (Kigoma): Ndiyo hilo. Usilitoe nje, lina kurasa zinazochomoka.

Shangazi (Isevya, Tabora): Baba, nimekusikia, na sina jibu la 2016 kwa sababu niliishi mji huu na niliona watu walivyonyamaza baada ya ile adhabu. Sasa niseme na langu, kwa kuwa kijana yuko hapa na ni vyema alisikie kutoka kwangu. Tulipopanda tulijiona tumemaliza kazi. Agosti 2023 mechi yetu ya kwanza Ligi Kuu ilikuwa na Azam pale Chamazi, na kwa matatizo ya usajili timu ikaingia uwanjani na wachezaji 8 tu. Wawili wakaumia, wakabaki pungufu ya 7, idadi ya chini inayoruhusiwa, mwamuzi akavunja mchezo Azam ikiwa mbele kwa mabao 4-0. Niliitazama nikiwa na majirani sebuleni, nilikuwa nimepika pilau, na hakuna aliyenyanyua sahani. Msimu mzima ukaenda kwa kuhangaika, na mwisho wake tukajikuta kwenye mchujo. Tukacheza kwanza na JKT Tanzania, ambao tulipanda nao pamoja, wakatushinda. Ndipo Juni 2024 tukakutana na Biashara United ya Mara, iliyotoka Championship kuja kutaka nafasi yetu.

Shangazi (Isevya, Tabora): Shemeji, siku ile ya marudiano pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi nilikukumbuka wewe. Ule ule mlango ambao ninyi mliingilia, mimi nilikuwa nimeushika kwa ndani kwa mikono miwili nisitolewe. Tulibaki kwa jumla ya mechi mbili. Na kama mchujo ungekuwa umefutwa kwa kufuata hoja hii, na kushuka kukawa ni kwa timu za chini bila nafasi ya pili, sijui kama tungekuwepo Novemba ile ya 2024 tulipokwenda kuifunga Yanga mabao 3-1. Neno la dirishani nimelirudisha.

Mjomba (Ujiji): Nimelipokea, shemeji, na nimesahau kuanzia leo.

Mwanafunzi (Tabora): Sasa nimebaki bila hoja. Mwalimu hatakubali nihame upande.

Mama Mdogo (Kigoma): Usihame. Upande wako una hoja nzuri kuliko hiyo ya kuisema Mashujaa, ila hukuiona kwa sababu uliitafuta kwenye msimamo wa ligi. Fikiria hivi, mwanangu. Timu ya Ligi Kuu inayoingia kwenye mchujo inapewa nafasi mbili za kujiokoa: inacheza na mwenzake wa Ligi Kuu, ikishindwa bado inapewa mechi nyingine mbili dhidi ya aliyetoka chini. Timu ya Championship inatakiwa kushinda mara mbili mfululizo, kwanza dhidi ya mwenzake, halafu dhidi ya huyo wa juu. Yaani wa juu ili ashuke ni lazima ashindwe mara mbili, na wa chini akishindwa mara moja tu basi, arudi nyumbani. Hapo ndipo useme kuna dhuluma, na hakuna atakayekubishia kirahisi.

Mama Mdogo (Kigoma): La pili ni la tumbo, na hili ninalijua kwa mikono yangu. Kuna mwaka timu moja ngeni ilikaa hapa Kigoma kusubiri mechi, nami nikapewa kazi ya kuwapikia. Watu 26 pamoja na benchi la ufundi, asubuhi chai na maandazi, mchana wali na kuhe, usiku ugali na dagaa. Mechi ilisogezwa mbele, wakakaa siku nne zaidi ya walizopanga. Kuanzia siku ya tatu kiongozi wao aliacha kupokea simu yangu. Wale vijana hawakuwa na kosa. Mmoja, beki wa kushoto, alikuwa anakuja alfajiri kunisaidia kuchambua mchele kwa sababu aliona haya kula bila kulipiwa. Aliniambia mshahara wao ulikuwa umesimama tangu ligi ilipokaribia kwisha, na mikataba ya wenzake wawili ilikuwa inafikia mwisho kabla ya msimu kumalizika. Fedha yangu ya siku nne sijaipata mpaka leo. Simlaumu yule kijana, namlaumu aliyeweka mechi za ziada bila kuuliza nani atalisha wachezaji katika wiki hizo.

Mjomba (Ujiji): Hapo dada umesema kweli ambayo mimi shabiki huwa siioni. Mashujaa ni timu ya jeshi. Ina kambi, ina gari, mchezaji ana uhakika wa kula. Timu ya wananchi ikiongezewa wiki tatu za mchujo, tena huku kwetu ambako ni kilomita 1,250 hivi za reli kutoka Dar es Salaam, inamaliza akiba yake kabla ya kuingia uwanjani.

Babu (Kigoma): Na bado Pamba, ambao si timu ya jeshi na walitolewa na Mashujaa, hawakukata tamaa. Walirudi msimu uliofuata, wakapanda 2024 pamoja na KenGold baada ya miaka 23 nje ya Ligi Kuu. KenGold ndiye aliyekuwa bingwa wa Championship mwaka huo, na msimu mmoja tu baadaye akashuka. Liweke hilo akilini, wapinzani wako watalileta.

Mwanafunzi (Tabora): Nimeelewa. Basi nitaliondoa jina la Mashujaa pale nilipoandika "haikustahili", nianze na nafasi mbili za wa juu dhidi ya moja ya wa chini, kisha nieleze gharama za wiki za kusubiri. Mjomba, ungekuwa upande wa kupinga, ungeniuliza nini?

Mjomba (Ujiji): Ningekuuliza hivi: mchujo ungekuwa umefutwa 2023, nani angeiona Simba ikitolewa na Mashujaa katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti Lake Tanganyika, Aprili 2024? Kuna watoto wa mtaa huu waliokuwa hawajawahi kuiona Simba kwa macho yao. Ujiandae na jibu, kwa sababu mimi mwenyewe sina jibu la kukupa upande wako.

Shangazi (Isevya, Tabora): Jibu nitalitafuta naye jioni nikitoka sokoni. Naona linaweza kuwa kwamba wa tatu naye apande moja kwa moja na timu tatu zishuke, ila ngoja tulipime kwanza.

Babu (Kigoma): Lipimeni vizuri, maana hilo linamwacha wa nne nje, na wa nne ana watu wake. Mama Mdogo, mtumie mtoto picha ya ukurasa wa Juni 2023. Niliuandika kwa penseli nikisikiliza redio siku ile ya Mbeya, na imeanza kufutika, kwa hiyo usipige na taa. Ngoja kesho jua likishatoka, uupigie barazani.

Mama Mdogo (Kigoma): Sawa, Baba. Kesho saa tatu nitakuwa nimeshautuma.