Mjadala: Je, chama cha msingi kiendeshe VACUUM kila Ijumaa?

Mtoa hoja, Urambo: Chama chetu cha wakulima wa tumbaku hutunza kumbukumbu za mizani katika hifadhidata ya SQLite, programu inayotunza data zote ndani ya faili moja. Masoko yalipofungwa tulifuta rekodi za misimu ya nyuma, lakini faili halikupungua hata kidogo. Bodi inataka amri ya VACUUM, inayoijenga hifadhidata upya ili faili lipungue, iendeshwe kila Ijumaa. Mnasemaje?

Fundi, Tabora mjini: Ninapinga. Nafasi hiyo haijapotea, kwani kurasa zilizoachwa, yaani vipande vya faili visivyotumika tena, huingia katika orodha ya kurasa huru, na rekodi za msimu ujao zitaandikwa humo humo. VACUUM huijenga hifadhidata nzima upya, na yaweza kuhitaji nafasi huru inayofikia mara mbili ya ukubwa wa faili, kwa hiyo diski iliyokaribia kujaa ndiyo itakayokwama. Anayedai kazi hiyo kila Ijumaa haelewi hifadhidata.

Mhasibu, Nzega: Kauli hiyo ya mwisho haikustahili kuandikwa. Nami naidai kazi hiyo, tena kwa sababu: rekodi iliyofutwa hubaki ndani ya faili mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mwenye ujuzi kiasi anaweza kusoma humo namba ya simu na deni la mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi wa Nzega. Isitoshe, PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, hujisafisha yenyewe. Mbona huko hamkatazi?

Fundi, Tabora mjini: Usafi ule kwa kawaida haupunguzi faili, huruhusu tu nafasi ya matoleo ya zamani ya rekodi itumike tena. Kinacholiandika jedwali upya ni VACUUM FULL, nayo hulifunga hata kwa wanaosoma.

Mdau, Kasulu: Ndugu Fundi, umejibu la PostgreSQL ukaziacha namba za simu za wakulima. Washeni mpangilio wa secure_delete kabla ya kufuta, na SQLite itaandika sufuri juu ya kilichofutwa. Kwa yaliyokwisha kufutwa, VACUUM moja inatosha.

Mtoa hoja, Urambo: Na umeme ukikatika katikati?

Mdau, Kasulu: Kando ya hifadhidata huwapo faili la kurejeshea. Msilifute; programu ikifunguliwa tena, hali ya awali itarudi.

Mhasibu, Nzega: Na nakala zilizomo kwenye flashi ya katibu, nani atazifuta?