Tupeane uzoefu: tuliorekebisha kabureta za pikipiki kuukuu, tuligusa nini na kikabadilika nini?

Kitonga125 (Iringa)

Ndugu zangu wenye pikipiki za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini), na hasa zile tulizorithi kutoka kwa wazazi, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyafanya kwa mikono yetu, na siyo yale tuliyoyasikia tukiwa tumekaa gereji. Atakayechangia aeleze pikipiki ni ipi, ilisumbua katika hali gani, aligusa nini na kikabadilika nini. Naanza mimi.

Pikipiki yangu ni Honda CG125 ambayo marehemu baba aliitumia Dar es Salaam kwa miaka mingi. Nilipoileta Iringa kwa kuiendesha mwenyewe, ilikuja vizuri hadi Ruaha Mbuyuni, lakini tulipoanza kuupanda mlima Kitonga ikaanza kuishiwa pumzi, ikitoa moshi mweusi kila nilipoongeza mafuta. Nyumbani Kihesa hali haikubadilika. Plagi ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni, na lita moja ya petroli ilinipeleka kilometa 29 tu.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, ikawa nyeusi tena baada ya siku tatu. Wa pili alinishauri niondoe eya klina ili injini ipate hewa zaidi, na kweli ilichangamka, lakini baada ya wiki moja nilipopitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta nikakuta vumbi jekundu, nikairudisha siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipofungua bakuli la kabureta mwenyewe na kukuta jeti kuu, yaani kipande chenye tundu linalopitisha petroli, imeandikwa 110.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Iringa mjini ni karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini inavuta hewa haba kuliko ilivyokuwa ikivuta Dar es Salaam, ilhali tundu la jeti ni lile lile na linaendelea kumimina petroli karibu kama zamani. Nilinunua jeti tatu, yaani 105, 102 na 98, nikajaribu moja baada ya nyingine katika njia moja: kushuka hadi Ipogolo, kisha kupanda kurudi mjini, plagi ikiwa ni ile ile na mimi nikiwa peke yangu. Jeti ya 98 ilivuta vizuri mwanzoni, ila injini ilipata joto kuliko kawaida na plagi ikaanza kuwa nyeupe, dalili ya petroli haba. Nimebaki na 102. Moshi umekwisha, na lita moja sasa inanipeleka kilometa 38. Nikifungua mafuta nusu bado ina kigugumizi kidogo, na sijajua sababu yake.

Bwana Shamba Mstaafu (Makambako)

Kijana wangu, umefanya vizuri kuirudisha jeti ya 98 kwenye boksi. Mimi nina sababu ya kulisema hilo.

Nilitumia Yamaha AG100 kazini, na nilipostaafu nikanunua nyingine ya aina hiyo. Ni injini ya mipigo miwili. Wakati bei ya petroli ilipopanda, fundi mmoja aliniahidi kuipunguzia ulaji wa mafuta. Alifungua kabureta, akahamisha kibanio cha sindano hadi ngazi ya juu kabisa, na kwa kuwa kibanio kikipanda sindano hushuka na kuziba zaidi tundu lake, petroli ikapungua kweli. Kwa wiki mbili nilifurahi. Injini ilikuwa na sauti kali na nyepesi, nikadhani ndiyo afya yenyewe.

Siku niliyobeba kilo 50 za mbegu kuelekea Njombe, nikiwa kwenye mwinuko mrefu, injini ilibana ghafla na tairi la nyuma likaburuta kwenye lami. Nilishika klachi kwa silika tu, na namshukuru Mungu kwamba hakukuwa na lori nyuma yangu. Tulipofungua tulikuta pistoni imechubuka ubavuni na silinda ina michirizi, ikabidi silinda ichongwe na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata. Gharama yake ilizidi petroli yote niliyookoa.

Wenye injini za mipigo miwili wanielewe vizuri hapa. Katika injini hizi oili inayolainisha pistoni husafiri pamoja na hewa na petroli, na petroli yenyewe inapogeuka mvuke hupoza chuma, hivyo anayebana mchanganyiko hapunguzi petroli tu bali anaondoa pia ulinzi. Baadaye niligundua kwamba mpira unaounganisha kabureta na injini ulikuwa na ufa mwembamba uliovuta hewa ya pembeni, na ufa huo ulikuwapo kabla fundi hajagusa sindano. Niliugundua kwa kunyunyiza maji ya sabuni kuuzunguka mpira injini ikiwa silensa, yaani ikiunguruma yenyewe bila kufunguliwa mafuta: yalipofika penye ufa, mlio ulibadilika mara moja.

Fundi wa Mwanjelwa (Mbeya)

Nawasalimu wote. Mzee wangu wa Makambako, shikamoo, na pole kwa yaliyokupata.

Wateja wengi huniletea pikipiki kuukuu wakisema kabureta imekufa, nami huifungua mwisho. Kwanza naweka sawa nafasi ya vali injini ikiwa imepoa, naangalia cheche na plagi, nasafisha eya klina, kisha nachunguza mipira na gasketi kama alivyofanya mzee. Vali ikibana au mpira ukivuja, hakuna jeti duniani itakayoponya, na utazunguka mwezi mzima ukinunua namba.

Baada ya hapo nabandika utepe mweupe kwenye mkono wa mafuta, nikachora mistari ya robo, nusu na robo tatu, na mstari mmoja kwenye kasha la swichi. Naiendesha nikiangalia tatizo linatokea mstari gani, kwa sababu kila sehemu ya kabureta ina eneo lake la kutawala. Ukiwa silensa hadi unapoanza tu kufungua, ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya pembeni. Ukikaribia robo, ni mkato wa chini wa slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta unapofungua na kufunga mafuta. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano na tundu inamopita. Kutoka robo tatu hadi mwisho ndipo jeti kuu inapotawala. Maeneo haya huingiliana, lakini mtu anayebadilisha jeti kuu kwa sababu pikipiki inazima kwenye taa za barabarani anatibu goti kwa maumivu ya jino.

Kuhusu skrubu ya pembeni, nawasihi muitazame ilipo kabla ya kuizungusha. Ikiwa upande wa eya klina, inatawala hewa, hivyo ukiifungua unapunguza nguvu ya petroli. Ikiwa upande wa injini, inatawala mchanganyiko wenyewe, na ukiifungua unaongeza petroli. Nimeona pikipiki nyingi zilizoharibiwa na kutojua tofauti hii moja. Ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, andika hesabu hiyo, na ikigota usiikaze, kwani ncha yake ni nyembamba na huvunjikia ndani.

Jambo linaloniumiza zaidi ni waya. Jeti ni shaba laini, na tundu lake limepimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukilichokonoa kwa waya wa chuma umelipanua, na ile namba iliyoandikwa ubavuni haina maana tena. Loweka, puliza kwa hewa, na kama uchafu umegoma, nunua nyingine. Mkumbuke pia kwamba namba za Keihin na za Mikuni, watengenezaji wawili wa kabureta, hazilingani: Keihin huhesabu kipenyo cha tundu, ilhali jeti kuu nyingi za Mikuni huhesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita kwa dakika. Muuza spea akikwambia "namba ni namba", nenda duka lingine.

Kitonga125, kigugumizi chako kipo kwenye eneo la sindano. Itoe uitazame kwenye mwanga. Kwa pikipiki ya umri huo sitashangaa ukikuta imelika ubavu mmoja na tundu lake limepanuka, kwa sababu vyuma hivyo viwili vimesuguana kila siku tangu baba yako aliponunua.

Nne Sambamba (Nairobi)

Nyinyi mna kabureta moja moja, mimi ninazo nne.

Yangu ni pikipiki kubwa ya mwaka 1980, injini ya silinda nne, niliyoinunua ikiwa imelala ghalani kwa miaka. Ilipowaka, ilitetemeka kwenye silensa hadi vioo havikuonyesha kitu, na ukifungua mafuta ilisita kisha ikaruka. Nilisafisha kabureta zote nikidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kabureta hizi huinua slaidi kwa mvuto wa hewa kupitia utando wa mpira, na tando mbili kati ya nne zilikuwa na vitundu visivyoonekana hadi nilipozishika mbele ya taa.

Kuzitoa kabureta kulinichukua nusu siku kwa sababu mipira ilikuwa migumu kama ubao. Safari ya pili nilifunga kitambaa kilicholowa maji ya moto kwenye kila mpira kwa dakika chache, zikatoka bila ugomvi.

Kilichobadilisha pikipiki kabisa ni kuzisawazisha. Kabureta nne zikifunguka kwa viwango tofauti, silinda moja inavuta na nyingine inavutwa. Kwa kuwa sikuwa na geji za mvuto, nilichukua bomba jembamba la plastiki angavu, nikaweka oili katikati, nikalipinda kama herufi U kwenye ubao, kisha nikaunganisha ncha zake kwenye inteki za silinda mbili kwa wakati mmoja. Oili hupanda upande unaovuta zaidi, nawe unazungusha skrubu ya kati ya kabureta hizo hadi vimo vilingane. Kabureta moja ni ya msingi, na skrubu si nne bali tatu, hivyo anza na hiyo ya msingi. Weka bomba refu, maana tofauti ikiwa kubwa oili itanyonywa na injini, kama ilivyonitokea mara ya kwanza, na nyumba yote ikajaa moshi. Tena, fanya kazi hii nje, na uelekeze feni kwenye injini, kwa sababu imesimama na haipozwi na upepo.

Ninakubaliana na Kitonga125 kuhusu mwinuko, ila nataka kuongeza upande wa pili. Mtu aliyepunguza jeti Nairobi kisha akateremka hadi Mombasa kwa mwendo wa kasi anarudi kwenye hewa nzito akiwa na petroli haba. Mimi hubadilisha jeti kabla ya safari, au nikishindwa, huendesha polepole baada ya Mtito Andei na kuangalia plagi Voi.

Vespa ya Ng'ambo (Unguja)

Langu ni fupi. Vespa PX150 yangu ilikuwa ikienda vizuri dakika tano, halafu ukifungua mafuta yote inakata kama imeishiwa. Nilisafisha jeti mara tatu bila faida. Tatizo lilikuwa katika sehemu mbili ambazo hakuna aliyeniambia: kichujio kidogo cha wavu kilichopo chini ya kiungo cha bomba la mafuta kwenye kabureta kilikuwa kimezibwa na kutu ya tangi, na kitundu cha kupumulia cha kifuniko cha tangi kilikuwa kimejaa rangi tangu ilipopakwa upya. Tangi lisipopumua petroli haishuki. Kabla hujafungua kabureta, legeza kifuniko cha tangi kisha jaribu kuendesha. Na pikipiki isikae miezi ikiwa na petroli ndani ya bakuli, hasa huku kwetu kwenye hewa ya chumvi: funga koki, acha injini iwake hadi izime yenyewe.

Kitonga125 (Iringa)

Narudi na majibu. Fundi wa Mwanjelwa, asante sana mzee wangu. Nilibandika utepe, na kigugumizi kilitokea kati ya robo na nusu kama ulivyosema. Sindano ilikuwa na bapa linalong'aa ubavu mmoja, refu kama punje ya mchele. Nimeweka sindano mpya pamoja na tundu lake, kibanio nikakiacha ngazi ya katikati. Nafasi ya vali nayo nimeipima, moja ilikuwa imebana.

Jumamosi nilipanda kutoka Ipogolo nikiwa nimembeba mdogo wangu, na pale ambapo siku zote nilikuwa nashuka hadi gia ya pili, ilipita kwa gia ya tatu bila kusita. Plagi imetoka kahawia, na lita moja imenipeleka kilometa 41. Jeti ya zamani sijaitupa. Nimeifunga ndani ya karatasi kwenye boksi la spana pamoja na maandishi: "Iringa 102, Dar 110", maana mwezi wa Desemba naenda kumwona mama.