Mbwa wa Jumatatu wanapona, wa Alhamisi wanatunga usaha. Tunakosea wapi?

vetimdogo
Habari za jioni wakuu. Niko kliniki ndogo ya mifugo hapa Moshi, mimi na msaidizi mmoja, kazi kubwa ni kuhasi mbwa na paka, mara mojamoja hernia au mbuzi aliyeshindwa kuzaa. Shida yangu ni vidonda. Tangu mwezi wa tatu naandika kwenye daftari, na wale wa Jumatatu karibu wote wanarudi kutolewa nyuzi wakiwa safi kabisa, ila wa Alhamisi na Ijumaa unakuta mshono umevimba, ukibinya usaha huo. Daktari yuleyule, dawa zilezile, kila mmoja anapata sindano za antibayotiki, penstrep, siku tano. Gozi, shuka na gauni tunapika Jumapili jioni kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa presha) ya kuweka juu ya jiko la gesi, dramu moja, lile kopo la chuma lenye vitundu, inatosha wiki nzima. Vyuma vya upasuaji tunachemsha dakika 20 kati ya mgonjwa na mgonjwa. Bosi anasema tununue antibayotiki ya bei zaidi. Kabla hajatoa hela naomba mawazo.

kisu_kikali
Penstrep imeshazoeleka mtaani huko, badilisha dawa tu mkuu, usijichoshe.

Mama Thieta
Kisu_kikali subiri kwanza, dawa gani hiyo inajua leo Jumatatu leo Alhamisi? 😄
Mimi si wa mifugo, ni nesi wa thieta, chumba cha upasuaji, ya binadamu, mwaka wa 19 huu, ila usaha ni usaha. Daktari nijibu matatu. Hiyo dramu mnaifungua mara ngapi kwa siku? Mnatolea gozi kwa kitu gani? Na vile vitundu vya pembeni ya dramu, mkishatoa kwenye otoklevu mnavifanyaje?

vetimdogo
Shikamoo mama. Inafunguliwa kila mgonjwa, siku nyingine mara nne tano. Tunatolea kwa fosepsi (koleo) ndefu inayokaa kwenye chupa ya Savlon, dawa ya kuua vijidudu, tunabadilisha ikianza kuchafuka. Vitundu... kusema ukweli nilidhani ni urembo, viko wazi muda wote.

Mama Thieta
Marahaba mwanangu. Nilijua tu.
Vile vitundu ndio mlango wa mvuke. Wakati wa kupika unavifungua mvuke uingie, ukitoa tu unazungusha ule mkanda vifungwe papo hapo. Nyinyi dramu yenu inapumua vumbi tangu Jumapili usiku, halafu mnaifungua mara 15 kabla ya Alhamisi, kwa hiyo mbwa wa Jumatatu anapata gozi safi na wa Alhamisi anapata makombo. Na hiyo fosepsi ya kwenye chupa ni balaa kuliko dramu, ile dawa iliyokaa siku nyingi inaota wadudu humohumo halafu mnawahamishia kwenye gozi mnayosema ni safi. Sisi yetu inakaa kwenye chupa kavu, na inapikwa upya kila siku pamoja na chupa yake.
Dawa yake ni pakiti. Mgonjwa mmoja, furushi moja: shuka, gozi za kuhesabika, taulo la mikono, vyuma vyake. Funga kwa vitambaa viwili, bandika ule utepe wa otoklevu, andika tarehe. Ila utepe kubadilika rangi maana yake limepita kwenye joto tu, haikwambii katikati kumeiva. Usishindilie, mkono upite kati ya mafurushi. Acha hewa yote itoke kwanza ndipo ufunge vali, na usianze kuhesabu ulipowasha gesi, hesabu presha ikifika pauni 15, yaani nyuzi joto 121, hapo mpe dakika 30. Likitoka limelowa si safi hilo, hata kama limetoka sasa hivi, maana unyevu unavuta wadudu kupita kwenye kitambaa. Na kuchemsha vyuma acha, maji ya nyuzi 100 hayaui spora, zile mbegu sugu za wadudu wa pepopunda. Viwe seti tatu nne, zipikwe zote.

daktari_wa_bomani
Mama kamaliza upande wa dramu, mimi naongezea chumba. Mnanyolea wapi? Kama ni humohumo juu ya meza ya upasuaji mmeshajimaliza, manyoya yanaruka na mkiwasha feni ndio yanatua tumboni. Nyolea nje, siku hiyohiyo, sio jana yake, wembe unaacha mikwaruzo inayolaza wadudu. Feni zima, mlango funga, na jipu liwe la mwisho siku hiyo, usipasue jipu saa tatu halafu saa nne uhasi paka wa watu. Mimi ng'ombe nampasua ubavu akiwa amesimama bomani, vumbi na inzi, na wengi wanapona, siri ni kuosha. Iodini juu ya tope na damu haifanyi kazi, osha kwa sabuni mpaka gozi inatoka nyeupe, suuza sabuni yote, ndio upake dawa kuanzia katikati kwenda nje, na gozi iliyofika pembeni hairudi katikati. Halafu subiri! Watu wanapaka na kukata hapohapo.

vetimdogo
Asanteni sana. Leo nimepika nikafungua dramu ikiwa bado ya moto, nikachomoa gozi za chini kabisa: mbichi, unakamua maji. Tulishindilia kweli. Na ndiyo, tunanyolea mezani, kuanzia kesho ni barazani. Mama, bosi kakubali pakiti ila anauliza shuka zote hizo tutatoa wapi.

Mama Thieta
Nunua kitambaa cha pamba kizito kwa mita, fundi akate, nyingine atoboe tundu katikati na apige pindo vizuri lisifumuke nyuzi. Kabla ya kupika mara ya kwanza zifue mara mbili zitoke wanga, zikiwa mpya ngumu vile mvuke haupiti.

kisu_kikali
Haya, nimerudi kuangalia vitundu vya dramu yetu. Sisemi kitu.