Wanawake wanne wa Dar, Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: siku 5 au 6?

MamaNuru:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na wale wa "mama kaa nyumbani" nawaomba wapite kimya kimya.

Sisi ni wanawake wanne wa kikoba kimoja hapa Mbagala. Mdogo wetu ana miaka 34, mimi mkubwa nina 51. Miaka miwili sasa kila mmoja anaweka elfu hamsini kwa mwezi pembeni, nje ya hisa, kwa jambo moja tu: kupanda Mlima Kilimanjaro. Tunataka kwenda Septemba. Njia tumeshachagua Marangu, maana kule watu wanalala kwenye vibanda, na mwenzetu mmoja amekataa katakata habari za hema.

Kuna kampuni mbili za Moshi zimetupa bei. Ya kwanza ni siku 5, ya pili ni siku 6, na tofauti yake kwa watu wanne si ya kuchezea. Huyu wa siku 5 anasema ile siku ya sita ni ya kukaa tu kwenye vibanda vya Horombo, katikati ya njia, "mnalipia usingizi". Kweli? Halafu mmoja wetu ana presha, anameza dawa kila siku. Na vifaa je? Sisi baridi kali tunayoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba.

Dogo_Ubungo:
Shikamoo mama. Nenda siku 5. Nilipanda mwaka juzi na wana wa chuo, saa moja asubuhi tuko kileleni Uhuru tunapiga picha. Ni moyo tu, hiyo siku ya sita ni biashara ya watu.

Mgumu Mstaafu:
Hongera mdogo wangu. Mlianza wangapi, na pale kwenye picha mlikuwa wangapi?

Dogo_Ubungo:
Tulianza tisa. Kwenye picha wanne. Mmoja alishushwa kwa kile kitanda cha gurudumu moja, ila alipona hukohuko chini.

Mgumu Mstaafu:
Haya.

MamaNuru, nimebeba mizigo mlima ule miaka sita, nikaongoza wageni kumi na tatu, mpaka goti likanistaafisha. Tazama namba za vibanda vya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kutoka kibanda hadi kibanda unaongeza elfu moja kamili. Kwa siku 5, siku ya tatu jioni umefika Kibo, unakula kidogo, unajilaza saa chache, na kwenye saa sita usiku mnaamshwa kuelekea mita 5,895. Mtu juzi alikuwa Mbagala, usawa wa bahari! Juu kule kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea.

Siku ya sita si ya kulala. Asubuhi mnatoka Horombo mnapanda hadi kwenye ile miamba yenye mistari ya pundamilia, karibu mita 4,000, wengine wanasogea mbele kidogo upande wa kilele cha Mawenzi, kisha mnarudi kulala palepale Horombo. Unauonjesha mwili urefu, halafu unaushusha upumzike. Kama kuna siku ya kulipia katika safari nzima ni hiyo.

Nikupe kisa. Nilikuwa na kundi la siku 5, watu wazima, wenye mazoezi. Jioni pale Kibo dada mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaitazama kamba, akanitazama mimi, akacheka, akasema, "Nimesahau inavyofungwa." Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikamwambia simama, tembea kwenye mstari huu, kisigino mbele ya kidole. Akayumba kama mlevi. Hatukungoja kupambazuke, tulimshusha usiku uleule kwa tochi za kichwani, yeye katikati, analia kwamba yuko sawa na kwamba namwibia pesa zake. Tulipokaribia Horombo kamba ikafunguka. Akainama, akaifunga mwenyewe bila kuambiwa, akaendelea kunitukana.

Kuumwa kichwa kule ni kawaida, na kukosa hamu ya kula. Lakini mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukohoa huku kifua kinakoroma hata akiwa amekaa, dawa ni kushuka, saa hiyohiyo. Na yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kukubali.

Nesi wa Zamu:
Hapo kwa presha niongeze, dada. Presha iliyotulia kwa dawa haimzuii mtu moja kwa moja, ila asiende kwa kubahatisha. Aende kliniki yake sasa, si wiki ya safari, amweleze daktari urefu na tarehe. Aulize pia kuhusu Diamox. Inasaidia mwili kuzoea urefu, lakini inakojoza sana na vidole vinawasha kama vimetambaliwa na sisimizi, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme kabla. Kama mwenzenu dawa yake ya presha nayo ni ya kukojoza, daktari azitazame zote mbili pamoja. Msigawane vidonge huko juu kama pipi. Na vidonge vya usingizi viacheni Dar.

Mnafanya mazoezi gani?

MamaNuru:
Jumamosi tunatembea Mbagala hadi Kigamboni. Jasho linatoka.

Nesi wa Zamu:
Kule ni tambarare tupu jamani. Nendeni Morogoro mkapande Uluguru hadi Morningside na kushuka. Kushuka ndiko kunakoua magoti.

Binti wa Kiboriloni:
Vifaa niulizeni mimi. Msinunue kila kitu. Begi la kulalia, koti zito la usiku wa kilele na fimbo, kodini Moshi, na zipu mzijaribu palepale dukani kabla ya kulipa. Sweta, suruali za ndani za joto na kofia, pitieni mitumba ya Memorial au huku kwetu Kiboriloni, fikeni siku moja kabla. Usiku wa kilele baridi inashuka hata nyuzi 15 chini ya sifuri, na ukiongeza upepo utamkumbuka mama yako.

Kiatu ndicho cha kununua, na kinunueni leo. Kivaeni sokoni, kanisani, msikitini, mpaka kiwajue. Kucha za miguu zikateni fupi, la sivyo mnaziacha njiani mkishuka. Chupa ya maji ibebeni imepinduliwa, maana maji huganda kuanzia juu. Betri na simu laleni nazo. Na pedi bebeni hata kama tarehe bado, siku zinaweza kuwakuta huko bila miadi.

Msafiri wa Voi:
Hamjambo ndugu zangu. Mimi nimefika kilele cha Lenana kule Mlima Kenya, sasa natamani kilele cha Kibo. Je, sisi Wakenya twalipa kama wageni wa Ulaya?

Mgumu Mstaafu:
Hapana kaka, raia wa Afrika Mashariki mna kiwango chenu pamoja nasi. Njoo na pasipoti au kitambulisho. Hata nyie akina mama, NIDA msiisahau, bila kitambulisho uraia wako getini ni maneno tu.

MamaNuru, kabla hujalipa mtu, mpigie umuulize habari za wagumu, yaani wapagazi. Mmoja anabeba kilo ngapi? Mwisho ni 20. Wanakula mara ngapi? Wanalipwa lini wakishuka? Bei ikiwa chini sana, ujue kuna tumbo la mtu limefidia. Na tipu mpangeni mapema, iwe bahasha tofauti, msije mkachangishana getini huku mmechoka.

MamaNuru:
Nimerudi. Nimewapigia wote wawili. Wa siku 5 kasema, "Hayo ya wapagazi tuachie sisi mama." Wa siku 6 kanijibu kilo 20, kaniambia mizigo inapimwa getini, nije nisimame kwenye mzani nione. Tumekaa kikao jana, tunaenda siku 6. Pesa haifiki kwa Septemba, kwa hiyo tunasogeza hadi Januari.

Mgumu Mstaafu:
Januari pazuri, vuli imekwisha. Mngeniambia Aprili ningewafungia mlango.

MamaNuru:
Wa presha ana kliniki Jumanne. Morogoro tunaenda mwisho wa mwezi. Kaka, yule wa hema anauliza, vibanda vya Horombo taa zinazimwa saa ngapi?

Mgumu Mstaafu:
Mwambie taa si tatizo. Aulize kwanza kati yenu nani anakoroma.

MamaNuru:
Ni yeye.